Masikio ya Tusekile: Kutoka Ipyana Hadi Temeke na Kurudi

Tangu turudi siwezi kupita pale tunapouzia kakao bila mtu kunishika mkono na kuniuliza ilikuwaje. Nimekuwa nikigawa vipande. Mmoja nilimweleza lori la Kitonga, mwingine nikamweleza kisa cha mbuzi, mwingine chumba cha kupimia, na sasa nasikia kila mmoja anasimulia safari yake, wala si ile niliyosafiri mimi. Kwa hiyo nimekaa chini niandike yote kwa mpangilio wake. Mambo ya fomu na barua nayaruka. Yalichukua miezi, na hakuna atakayefurahi kuyasoma.

Kwa asiyetufahamu, mimi ni mkulima wa mpunga na kakao hapa Ipyana. Tusekile ni binti yangu. Ana miaka sita, na jina lake kwa Kinyakyusa maana yake ni tumefurahi. Alizaliwa hivyo au aliugua akiwa mchanga, hatujui. Tulichojua ni kwamba hasikii. Mwaka huu shirika moja la hisani linalosaidia watoto wa namna yake lilikubali kumpima kule Dar es Salaam, na ikiwa masikio yake yana chochote kilichobaki, kumpa vifaa vya kusikia. Hilo neno "ikiwa" ndilo nililosafiri nalo. Mke wangu Lugano alikuwa Itungi anamuuguza mama yake aliyevunjika mguu, kwa hiyo tuliondoka wawili tu, mimi na mtoto.

Kyela hadi Kitonga

Basi liliondoka Kyela alfajiri. Nilikuwa na mfuko wa mchele wa kupeleka kwa wenyeji wetu, chupa ya mawese, na ndizi za kuchemsha na samaki mbasa mkavu wa kula njiani. Tusekile alikaa dirishani. Alibandika kiganja kwenye kioo na hakukiondoa mpaka Tukuyu. Nilidhani anatazama migomba, kumbe alikuwa anafuatilia mtetemo. Basi liliposimama na injini kuzimwa, aliondoa mkono na kunitazama, kama anayeuliza kwa nini limekufa.

Makambako alipanda mama mmoja wa makamo, mtu wa Makete, na ndoo ya matofaa. Akakaa karibu nasi. Alimsalimia mtoto kwa upole, "Hujambo, mjukuu wangu?" Tusekile akaendelea kutazama nje. Akamsalimia tena. Mara ya tatu akanigeukia mimi.

"Baba, mtoto wako hajafundishwa kuitikia salamu?"

Ningeweza kumweleza pale pale. Lakini nimeulizwa swali hilo mara nyingi mno maishani, na siku hiyo nilikuwa nimechoka. Nikasema tu, "Nisamehe, mama." Akakunja uso, akaiweka ndoo yake miguuni, na tukaenda hivyo mpaka Iringa bila neno.

Kwenye mteremko wa Kitonga tulisimama. Huko mbele kwenye kona lori lilikuwa limelala kuvuka barabara nzima, na hakuna gari lililoweza kupanda wala kushuka. Mwanzoni abiria walibaki vitini wakilalamika, kisha wakashuka mmoja mmoja, kisha wakaanza kutandika kanga kando ya barabara. Kondakta alisema tutangoja saa moja tu. Baadaye akasema mbili. Jioni akaacha kusema.

Sisi tulitakiwa tuwe mbele ya mtaalamu kesho yake saa tatu asubuhi. Ilikuwa siku yao ya mwisho ya kupokea watoto wapya, kisha wangeondoka kwenda mkoa mwingine. Nilikuwa nikipiga hesabu ya saa kichwani, simu yangu imekwisha chaji, na naona haya kumwomba mtu. Tusekile alikuwa amechuchumaa anapanga vijiwe. Nyuma yake lori jingine, la mafuta, likapiga honi, honi ya kutetemesha kifua, na kila mtu pale barabarani akaruka. Mwanangu akaendelea kupanga vijiwe vyake.

Yule mama wa Makete aliliona hilo. Alikuja polepole, akakaa karibu nami.

"Hasikii," alisema.

"Hasikii, mama."

Hakuniomba radhi kwa maneno. Alichagua tofaa moja, akalifuta kwa kanga, akamgusa Tusekile begani na kumpa. Kisha akatoa simu yake. "Mnakwenda kwa nani? Piga."

Nikaitafuta namba kwenye barua yao. Upande wa pili alipokea dada aliyejitambulisha kwa jina la Rehema, ndiye mpimaji mwenyewe. Nilimweleza tulipo, nikamwambia kwamba hata barabara ikifunguliwa hatutaiwahi saa tatu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba tusubiri mwaka ujao.

"Mko Kitonga?" aliuliza. "Poleni sana. Basi njooni. Hata mkifika saa kumi na moja jioni mtanikuta. Mtoto asije na njaa tu."

Tulilala ndani ya basi. Asubuhi lori lilivutwa, na tuliposhuka ule mteremko mama wa Makete alikuwa amempakata Tusekile, naye kiganja kimerudi kwenye kioo.

Chumba cha kupimia

Tulifika kwa Rehema saa kumi jioni, moja kwa moja kutoka stendi ya Mbezi, tukiwa na vumbi la mikoa mitano. Alikuwa dada mfupi mwenye miwani. Kabla ya kitu kingine alimpa mtoto kikombe cha uji, na alisubiri akimalize.

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, kuta zimevikwa magodoro. Alimvalisha Tusekile spika za masikioni, akamwekea kopo la bati na kete za plastiki. Akamfundisha kwa vitendo: ukisikia, tia kete moja koponi. Kisha akaanza kubonyeza mashine yake. Mimi nilikaa mbele ya mwanangu, na mashine ilikuwa na kipaza sauti kidogo, kwa hiyo mlio nilikuwa naupata kwa mbali.

Tusekile akatia kete. Akatia nyingine. Na nyingine. Moyo wangu ulianza kupaa. Niliona kila mlio na kete yake, na nikajisemea kumbe mtoto anasikia vizuri tu, tumehangaika bure.

Rehema akaacha kubonyeza. "Baba Tusekile," alisema, "hizi kete ni zako."

"Zangu vipi?"

"Wewe ndiye unayesikia. Kila ukisikia, nyusi zako zinapanda, na yeye anatia kete. Anakusoma uso. Ana akili sana huyu, lakini hapa anatudanganya. Kaa kule, utazame ukuta."

Akazima na kile kipaza sauti. Nikakaa nimeelekea ukuta wa godoro la kijivu, sisikii mlio wowote, sioni chochote. Ilikuwa kimya kabisa. Kwa mara ya kwanza nilikaa mahali anapokaa yeye.

Nilisubiri kete. Hakuna. Nilihesabu pumzi zangu. Hakuna. Nilisikia Rehema akigusa mashine tena na tena, akiongeza, nikajua kila mguso ni mlio unaopita bure kwenye sikio la mtoto wangu. Nilianza kutunga maneno nitakayomwambia Lugano. Ndipo nikasikia *kwe*.

Kete moja, kwenye bati. Kisha kimya kirefu. Kisha *kwe*.

Niliuma kidole ili nisigeuze kichwa. Sijawahi kusikiliza kitu chochote namna ile, hata mahubiri, hata mapigo ya moyo wa mtoto huyo huyo tumboni mwa mama yake. Kete zilikuwa chache, lakini zilikuwa zake.

Rehema alinieleza kwamba sikio la kushoto halina kitu. La kulia limebakiza kidogo, na hicho kidogo kinaweza kukuzwa na kifaa. Alitia ute laini katika sikio hilo la mtoto kuchukua umbo lake, kipande cha kuvaa kitengenezwe kwa kipimo hicho, akatuambia turudi baada ya siku nne.

Temeke, kwa Bi Mwanaidi

Siku hizo nne tulikaa kwa Bi Mwanaidi, dada yake Mzee Salimu mwenye duka la vitambaa pale Kyela mjini. Sikuwahi kumwona kabla. Mzee Salimu alimpigia simu mara moja tu, naye akatutandikia chumba kama watoto wa ndugu yake. Tusekile alimpa jina siku ya kwanza kwa ishara zetu za nyumbani: kuzungusha mkono kuanzia utosini hadi begani, kama ushungi. Mimi jina langu kwake ni kushika kidevu.

Kisa cha mbuzi kilitokea kesho yake. Bi Mwanaidi alikuwa jikoni anataka kuupika ule mchele wetu kwa nazi. Akaniita, "Baba Tusekile, nichukulie mbuzi hapo nje, karibu na pipa." Nikatoka. Karibu na pipa kweli palikuwa na mbuzi, amefungwa kamba. Nilishangaa ukarimu wa watu wa Pwani, kumchinjia mgeni siku ya pili. Nikamfungua, nikamvuta hadi mlango wa jikoni, anapiga kelele njia nzima.

Bi Mwanaidi alimtazama mbuzi, akanitazama mimi. "Huyu wa jirani," alisema taratibu. "Mimi nataka mbuzi ya kukunia nazi."

Kwetu Ipyana tunapikia mawese, nami kile kibao nilikiona pale pale kando ya pipa nikadhani ni kigoda kibovu. Bi Mwanaidi alicheka mpaka akakaa chini. Tusekile, asiyejua kinachochekwa, alicheka pia kwa sababu ya kumwona mbuzi jikoni.

Mchana wa siku ya tatu tulikuwa barazani, mtoto amelala. Bi Mwanaidi aliniuliza tuligunduaje. Nilimweleza jambo ambalo hata ninyi rafiki zangu sikuwahi kuwaambia. Tusekile akiwa na miaka mitatu alikuwa akichezea karibu na mfereji wa mashamba ya mpunga. Nilimwita arudi. Sikumwita mara moja. Nilimwita mpaka sauti ikakauka, naye akaendelea kwenda. Nilimkimbilia, nikakata fimbo, nikamchapa kwa ukaidi. Hata mwaka haukuisha, mwalimu wa chekechea akatuambia mtoto huyu si mkaidi.

"Nawe hukujua," alisema Bi Mwanaidi.

"Sikujua. Lakini yeye hakuijua sababu ya fimbo. Alinitazama tu."

Akakisogeza kikombe changu. "Kunywa, chai inapoa."

Siku ya kuwasha

Bi Mwanaidi alifuatana nasi. Kifaa chenyewe ni kidogo kama punje ya kakao, kinakaa nyuma ya sikio, na kutoka hapo kuna mrija mwembamba unaoingia ndani. Rehema alikivalisha kikiwa kimezimwa, akampa mtoto muda wa kukizoea. Kisha akasema, "Nawasha kwa chini kabisa. Msiseme kitu."

Tusekile alikuwa anachezea kifungo cha gauni lake. Mkono ukasimama.

Hakutabasamu. Watu wengi mmeniuliza kama alitabasamu. Alikaa kama mtu aliyeguswa begani na asiyemwona. Macho yakazunguka chumba, yakapita kwa Rehema, yakapita kwangu, yakapanda juu. Darini kulikuwa na feni. Ilikuwa ikizunguka tangu tuingie, na mimi sikuwahi kuisikia. Yeye aliitazama, mdomo wazi, kwa muda mrefu sana. Akainyooshea kidole. Kisha akanitazama, akaigusa shingo yangu, pale alipozoea kuihisi sauti yangu ikitetema, akainyooshea tena, na mimi nikaielewa feni ile: ilikuwa na mlio, mlio wa kukwaruza kidogo kila inapomaliza mzunguko.

Akaupiga mguu sakafuni. Akaacha. Akaupiga tena, akainama kuutazama mguu, akautazama wa pili, akaupiga na huo. Bi Mwanaidi alifunika uso kwa ushungi.

Halafu mtu fulani chumba cha pili aliburuta kiti, na Tusekile akapiga ukelele. Na ukelele wake mwenyewe ndio uliomtisha zaidi. Alikichomoa kifaa, akakitupa, akajificha kwapani mwangu. Niliogopa kwamba yote yameishia hapo.

Rehema alikiokota, akakifuta. "Asingetishika ndipo ningeogopa," alisema. "Leo dakika kumi zinatosha. Kesho ishirini, kisha uongeze kadiri anavyovumilia. Na usimngojee maneno, baba. Hii ni kelele tu kwake kwa sasa. Maneno atafundishwa, itachukua miaka, na ishara zenu msiziache."

Nilimuuliza ni nani nimshukuru, maana yupo mtu mahali fulani aliyetoa ili kifaa hiki kifike sikioni mwa mtoto wa Ipyana asiyemjua. Rehema alisema hata yeye hamjui kwa jina. "Mvalishe kila siku," alisema. "Hiyo ndiyo shukrani." Nilitaka kusema neno la maana, Kiswahili kikanipotea chote. Nikasema, "Ndaga fijo." Ndiyo asante sana yetu, naye akaitikia kama mtu aliyeielewa.

Jioni ile Bi Mwanaidi alikuna nazi. Tulimvalisha mtoto zile dakika chache alizoruhusu Rehema. Alikwenda mwenyewe, akachuchumaa karibu na ile mbuzi, akainamisha sikio la kulia mpaka chembe za nazi zikamwangukia nyweleni. Bi Mwanaidi alipoacha kukuna, Tusekile aliushika mkono wake na kuuongoza uendelee.

Kurudi

Kurudi hatukukwama popote, lakini safari ilikuwa ndefu kwa namna nyingine. Kuanzia Morogoro Tusekile aligundua kwamba ana sauti. Aligundua kwamba akibana midomo na kusukuma pumzi, kuna kitu kinatokea. Akaanza kuguna. Aliguna Mikumi nzima. Tembo walikuwa kando ya barabara, abiria wote wamegeukia dirisha, yeye anaguna huku ameshika koo lake.

Kijana mmoja nyuma yetu alilalamika. "Mzee, mnyamazishe mtoto, tumechoka."

Safari hii nilisimama, nikasema mbele ya watu wote kwamba mtoto huyu ameanza kusikia wiki hii, na kwamba anachokisikia sasa ni yeye mwenyewe. Sikusema kwa hasira. Yule kijana akavaa spika zake za masikioni, kisha akazivua. Kabla ya Iringa alikuja mbele na karanga za kuchemsha kwenye karatasi, akaikunja karatasi ile polepole karibu na sikio la mtoto ili isikike inavyolia. Tusekile alizikataa karanga, akaichukua karatasi.

Tukuyu tulilala kwa binamu yangu, na asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashina ya migomba. Tulikuwa tumesimama nje tukingoja gari la Kyela. Tusekile aliuinulia ukungu kichwa, akainamisha sikio la kulia, akatulia. Sikuelewa anafanya nini. Alisogea hatua mbili, akatulia tena. Alikuwa anasikiliza. Aliona kitu kikubwa namna ile kinakuja juu yetu, kikubwa kuliko basi, akategemea kitakuwa na mlio. Alinigeukia, akanionyesha ukungu, akaigusa shingo yangu.

Nilitikisa kichwa. Hakina.

Alishangaa kuliko alivyoishangaa feni. Nami nikiwa pale na begi mkononi niliona kwamba mtoto huyu sasa atalazimika kuuliza kitu kimoja kimoja duniani: moshi una mlio? mlima una mlio? jua likichomoza? Sikuwahi kujua kwamba mimi nilikwisha kuyajibu maswali hayo yote bila kuyauliza.

Itungi

Hatukupita nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja Itungi kwa mama mkwe. Lugano alituona tukiwa mbali, akaja mbio. Mtoto alikuwa ameinama anafungua kiatu, amempa mama yake mgongo. Lugano akasimama nyuma yake, akavuta pumzi, akaita jina lake lote, "Tusekile."

Mtoto alitulia kidogo. Hakugeuka.

Niliuona uso wa mke wangu. "Amesikia," nilimwambia haraka. "Amesikia sauti. Hajui tu kwamba hilo ni jina lake."

Lugano akazunguka, akapiga magoti mbele ya mtoto mchangani, akaushika mkono wake mdogo na kuuweka kifuani pake mwenyewe. Akasema jina. Akalisema tena, akimgusa kifua yeye. Sijui alilisema mara ngapi. Mama mkwe alikuwa amejikokota hadi mlangoni na mkongojo wake, akalisema na yeye kutoka pale.

Tulikaa siku tatu. Asubuhi ya mwisho nilikwenda ufukweni kuwatazama wanawake wakianika dagaa kwenye vichanja. Ziwa lilikuwa limetulia. Nilikuwa nimelielekea, nikiwaza mpunga wangu ulioachwa bila mtu wa kufukuza ndege.

Maisha yake yote, Tusekile akinitaka alikuwa na njia moja. Alikuja mpaka nilipo, hata kama ni mwisho wa shamba, na kunivuta shati. Hakuwa na sababu ya kujua kwamba ipo njia nyingine.

Nyuma yangu nikasikia, "Eee."

Halikuwa neno. Ilikuwa sauti ndefu, imepinda katikati, kama ya mtu anayejaribu mlango asiojua kama unafunguka. Niligeuka. Alikuwa amesimama mbali, pale mitumbwi ilipopandishwa, mikono pembeni, haji. Alinitazama. Nilipomtazama, niliona jambo likimwingia usoni taratibu: kwamba yeye amesimama kule, na mimi niko huku, na hakunigusa, na nimegeuka.

Akanionyesha kwa mkono nitazame tena ziwani. Nikatazama.

"Eee."

Nikageuka. Alicheka mpaka akakaa mchangani. Akainuka, akarudi nyuma hatua nyingi zaidi, akanionyesha nitazame ziwani.

Wanawake wa dagaa waliacha kazi. Mmoja aliniuliza kama mtoto anaumwa. Nikasema hapana, ananiita. Alirudi nyuma mpaka akafika kwenye matete, akawa mdogo sana, na sauti ikawa inanifikia nyembamba kama uzi. Mchezo huo uliendelea mpaka jua likawa kali na Lugano akatuma tuje kula. Sikuona haraka yoyote. Kila alipoita, niligeuka.